Kisiwa Chenye Kilima Katikati

Mume wangu hukohoa kila anapokaribia uzio wa minyaa. Hana maradhi ya kifua. Hukohoa ili mama yangu, aliye upande wa pili, apate nafasi ya kugeuza uso, kuvuta kanga hadi kwenye paji, au kuingia ndani taratibu kama mtu aliyekumbuka sufuria jikoni. Wameishi hivyo tangu nilipoolewa. Hawajawahi kupeana mkono. Hawajawahi kuonana wakila. Mama hajalitamka jina la mume wangu, Alute, hata siku moja. Kwake yeye ni "huyo wa kwako". Naye Alute akitaka kumpa mama kuni au mafuta ya alizeti, huviweka chini karibu na uzio, hukohoa, kisha huondoka. Ukirudi baadaye utakuta vitu havipo na ardhi imefagiliwa.

Sisi ni watu wa Mungaa, na heshima hii ya mkwe tuliikuta. Wengi siku hizi wameilegeza. Mama hakuilegeza, na mume wangu hakuwahi kumwomba ailegeze.

Kwa sababu hiyo, mama anapokuja mjini Singida kutoka Mungaa baada ya mavuno, halali kwangu. Hawezi kulala chini ya dari ya mkwewe. Hulala kwa jirani yetu wa hapa Utemini, Bi Rukaya, mjane anayeuza viungo na vitenge, ambaye ua wake na wetu umetenganishwa na minyaa tu. Mahali pamoja uzio umeacha pengo la upana wa mtu mmoja. Pengo hilo ndilo langu. Husimama hapo nikapokea neno la mama na kulifikisha kwa Alute, nikapokea la Alute na kulifikisha kwa mama, ingawa kila mmoja amekwisha kulisikia la mwenzake.

Jambo ninalotaka kulieleza lilianza pale binti yetu Pendo alipokuja kutoka Dodoma, anakofanya kazi, akiwa na mwanawe mdogo Magreth, na akasema kwamba mwaka huu atatupeleka sote kisiwani.

"Sote," alirudia. "Bibi, baba, mama, mimi na Magreth. Mimi nimekwisha kuomba likizo. Nyinyi kazi yenu ni kuchagua kisiwa. Nataka jibu kabla sijarudi Dodoma Jumapili, maana vyumba vinajaa."

Mama alikuwa upande wa Bi Rukaya akipepeta uwele. Ungo ulisimama hewani.

"Kisiwa cha baharini?" aliuliza.

"Cha baharini, bibi."

Mikono yake ilibaki imeushika, haipepeti. Nilijua mawazo yake yalikuwa yamekwenda wapi. Alipokuwa msichana alikwenda na mama yake kukusanya chumvi pembezoni mwa ziwa Singidani, wakati wa kiangazi, maji yanapojivuta na kuacha ukoko mweupe juu ya tope. Mama yake alimwambia kwamba ziwa lile ni mtoto wa bahari. Siku za kale lilimponyoka mama yake, likatembea nchi kavu hadi likachoka hapa kwetu, likalala kati ya majabali. Ndiyo maana lina chumvi: limelia. Mama alikuwa akitusimulia hivyo tulipokuwa wadogo, na kila mara alimalizia kwa kusema kwamba iko siku atakwenda kumsalimu mama mtu na kumwambia kuwa mtoto yupo, hajambo, na ndege wengi wanamtembelea.

Sisi tulicheka. Yeye hakuwahi kucheka. Sasa magoti yake yanaanza kumsumbua, na mwaka jana alishindwa kupanda jabali la nyuma ya nyumba yake ambalo ameanikia nafaka juu yake maisha yake yote. Nilielewa kwamba bahari isipopatikana mwaka huu, basi.

Jioni hiyo tuliketi kwa namna yetu. Mama, Bi Rukaya na Magreth walikuwa kule. Alute, Pendo na jiko la mkaa walikuwa huku, na mimi nilikuwa pengoni juu ya kigoda. Nilikuwa nimeazima ramani ya nchi darasani, kwenye kisomo chetu cha watu wazima, nikaitandaza magotini. Visiwa ni vidogo sana katika ramani. Ukivitazama kwa muda mrefu jua likishuka, hudhani vinasogea, kama punje zilizodondoka kwenye maji ya kuoshea.

"Tuanze na Mafia," alisema Pendo, akinyoosha simu ili tuone picha. "Kuna papa wakubwa wapole. Watu wanaogelea nao."

"Wapole walisema wenyewe?" aliuliza Bi Rukaya kutoka kule.

"Bi Rukaya, niache nimalize."

"Mwulize," mama aliniambia, "huko Mafia kunafikwaje?"

"Kuna boti, bibi, tena wanasema ni safari nzuri."

"Ukubwa wake?"

Pendo alionyesha picha nyingine. Niliitazama, nikamtazama mama kwa kumhurumia. Ilikuwa boti ambayo watu wote hukaa wakitazamana, magoti yakigusana.

"Hapana," alisema mama.

"Hapana," alisema Alute papo hapo, upande wake, bila kuulizwa.

Tulihamia Unguja. Pendo alisifu mchanga wake, mweupe kama unga wa muhogo, na maji ambayo unaweza kuona kidole chako cha mguu ukiwa umezama kiunoni. Mama alisikiliza yote hayo, kisha akauliza swali ambalo lilimfanya Pendo aweke simu chini.

"Kina kilima?"

"Kilima cha nini, bibi?"

"Mimi nikiwa ufukweni, huyo wa mama yako atakuwa wapi? Huko watu wanavaa nguo fupi, wanaoga mchana kweupe. Nataka kilima. Mimi huku, yeye kule, kilima katikati."

"Bibi, kule tunakofikia ni tambarare. Unaona kutoka mwanzo wa ufukwe hadi mwisho."

"Basi hicho si kisiwa. Hicho ni uwanja."

Bi Rukaya alicheka hadi akaangusha kawa. Hata Alute nilimwona akiinamia jiko ili kuficha kinywa chake. Pendo pekee hakucheka. Alikuwa amechoka na safari, na nadhani alikuwa ameiota likizo hii kwa muda mrefu katika chumba chake cha Dodoma.

"Mama, hili jambo si linaondoka?" aliniuliza, sauti ikipanda. "Kuna wenzetu kazini, kwao baba alitoa mbuzi na kitenge, bibi akapokea, ikaisha. Sasa wanakula meza moja. Baba ana mbuzi. Kitenge anauza Bi Rukaya hapo. Tumalize leo, Jumapili nilipie vyumba."

Nilisikia mama akikung'uta pumba kutoka kwenye kanga yake, polepole, mkunjo kwa mkunjo.

"Mwambie mjukuu wangu," alisema, "mume wangu alinipa shamba, na shamba limechoka. Wanangu walinipa blanketi, na panya wamelila. Huyo wa mama yako amenipa heshima hii tangu akiwa kijana mwenye nywele. Kila siku anakohoa. Alipolewa, alikohoa. Alipofiwa na baba yake akaja akilia, alikohoa kwanza. Mnataka nimrudishie kwa mbuzi?"

Sikuwa na haja ya kulifikisha. Alute alikuwa amesimama. Alitazama makaa kwa muda, akaniambia, kwa sauti ya kutosha kuvuka uzio:

"Mwambie mama aende. Mimi nitabaki na kuku. Bahari ni ya kwake."

"Sitaki," alijibu mama, akisahau kwamba ilipasa nimwambie kwanza. "Baba wa watu abaki nyumbani kama mlinzi, mimi nikastarehe na watoto wake? Watasema nini Mungaa?"

Naomba nieleweke hapa. Katika kipaimara cha Pendo, mama alikaa nyuma ya nguzo. Katika harusi yangu, alikaa jikoni. Katika kila picha ya familia yetu, ama mama hayupo au mume wangu hayupo, na mahali pa asiyekuwepo nimesimama mimi nikitabasamu kwa niaba yake. Nimewapenda watu wawili maisha yangu yote bila kuwahi kuwa nao mahali pamoja. Usiku ule nililala nikaota kisiwa kikipita angani juu ya Singida, chini kidogo ya mawingu, kikidondosha maji ya chumvi juu ya mabati, na watu wangu wote wako juu yake, na mimi niko uani nimeishika kamba yake.

Asubuhi Bi Rukaya alikuja pengoni na vitumbua vya moto. Alimwamkia mama shikamoo, akaitikiwa marahaba, kisha akaketi.

"Mama Pendo, mbona hamjaitaja Pemba? Au kwa sababu ni kwetu, mnaona haya kuniomba?"

Babu yake mzaa mama alitoka Wete, huko Pemba, na mizigo ya karafuu, akafika Singida, akaoa, hakurudi. Bi Rukaya mwenyewe alipelekwa huko mara moja akiwa mtoto.

"Kuna vilima?" mama aliuliza upesi.

"Mama, Pemba ni vilima vitupu! Imejaa mabonde na vilima kama mkate wa kumimina ulioumuka vibaya. Unasimama hapa, ndugu yako yuko kule, mnasikiana wala hamwonani. Na meli yake ni ghorofa. Wewe juu, yeye chini."

"Na treni kutoka Dodoma ina mabehewa mengi," Pendo alidakia, macho yakiwaka tena. "Bibi behewa lake, baba behewa lake. Bibi, hata ukikohoa hasikii."

"Anayekohoa ni yeye," mama alimsahihisha.

Nilidhani tumefika. Pendo alitaka kulipia vyumba pale pale. Lakini mama ni mtu wa kujaribu mbegu kwenye kigae kabla ya kuipeleka shamba. Alisema kwanza twende ziwani, tukaone kama kilima kinatosha. Kesho yake, Jumamosi, tukaenda: Alute alitangulia kwa bodaboda na kapu la kuku wa kuchoma, nasi tukafuata kwa bajaji, tumebanana na birika la chai la Bi Rukaya.

Wanaolijua ziwa Singidani wanajua yale majabali. Yamelala ufukweni yamepandana, makubwa kuliko nyumba, kama wanyama waliokuja kunywa wakasahau kurudi. Tulichagua moja lililoingia majini. Upande wa mashariki tulimkalisha mama. Upande wa magharibi alikuwa Alute. Mimi nilikuwa juu ya jabali, kwa kuwa hapakuwa na pengo, nikaona pande zote mbili.

Ilikuwa saa ile ya asubuhi ambayo ziwa halijaamua kuwa na rangi. Ndege heroe walisimama mbali, mstari wa waridi uliochorwa juu ya kitu kisichokuwepo. Mbingu ilikuwa chini na juu. Mama alivua viatu, akavipanga pamoja, akaingia hadi vifundoni, Magreth akimshika kidole. Alifumba macho. Midomo yake ilikuwa ikisema kitu kwa Kinyaturu, na sikukisikia, lakini nilijua alikuwa akiliambia ziwa kwamba anakwenda kwao, na kuliuliza lina salamu gani.

Upande wa pili Alute naye alikuwa amekunja suruali, akaingia majini. Alisimama akitazama mbali, mikono nyuma. Hakuna aliyemwona mwenzake. Nilikuwa na mama mkono wa kushoto na mume mkono wa kulia, na maji yamewazunguka, na nilifikiri: Bwana, kama dunia ingesimama hapa nisingelalamika.

Ndipo upepo wa Singida ulipoamka. Ulisukuma maji kutoka magharibi, na viwimbi vidogo vikaanza kuzunguka ncha ya jabali, kimoja baada ya kingine, vikaja kumpapasa mama miguuni. Alifumbua macho. Alivitazama vinakotoka. Akachomoa miguu yake kana kwamba ameungua.

"Yeye yumo majini?" aliniuliza.

"Yumo, mama."

"Maji haya haya?"

Hapo nikaona kosa letu, na nikashangaa jinsi sisi watu wazima tuliokuzwa Mungaa tulivyoweza kulisahau. Mtu na mkwewe hawaogi beseni moja. Tangu tukiwa watoto tunajua kwamba maji aliyooga mama mkwe humwagwa mbali, mkwe asiyakanyage. Tulikuwa tumehesabu macho, tukatafuta kilima cha kuyazuia. Maji hatukuyafikiria. Na bahari, hata uweke vilima vingapi katikati ya kisiwa, huzunguka na kukutana yenyewe upande wa pili.

Mama alikaa juu ya jiwe akaanza kuvaa viatu na miguu yake ingali mibichi.

"Nendeni nyinyi," alisema. "Mtanisimulia."

Pendo alifungua kinywa, nikamwashiria afunge. Hakukuwa na hasira katika sauti ya mama. Ilikuwa sauti ya mtu anayefunga duka. Magreth alianza kulia bila kujua analilia nini.

Bi Rukaya alikuwa akimimina chai. Alikijaza kikombe, akakiweka mbele ya mama, akasema kama anayeeleza jambo la nyumbani kwake:

"Mama, mbona maji ya bahari hayakai?"

"Yanakwenda wapi?"

"Yanapwa. Asubuhi yamejaa hadi kwenye minazi. Ukimaliza kazi zako ukarudi, hayapo, yamekwenda zake mbali. Nilipokuwa mdogo nilidhani wameyaiba. Wanawake wanatembea mahali palipokuwa na maji, wanaokota chaza. Halafu yanarudi. Kila siku yanakwenda na kurudi, kila siku, hayajawahi kuacha."

Mama alisitisha kiatu.

"Yote?"

"Yale ya ufukweni yote. Mchanga unabaki mtupu."

"Na yanayorudi, ni yale yale?"

Bi Rukaya alifikiri kwa uaminifu. "Hilo silijui, mama. Bahari ni kubwa. Yakifika huko katikati, sidhani kama yanakumbukana."

Heroe mmoja aliruka, akazunguka, akarudi kwenye mstari wake. Mama alinywa chai. Nilimwona akilipeleka jambo lile mbali na kulirudisha, kama alivyosema Bi Rukaya kuhusu maji.

"Bahari huyamwaga mbali maji yake yenyewe," alisema hatimaye, polepole. "Ziwa haliwezi. Maskini, halikukaa kwa mama yake muda wa kutosha kufundishwa."

Kisha akainua uso wake kwangu. "Mwulize huyo wa kwako. Nikioga maji yakijaa, yakaondoka, yakarudi mengine, yeye ataoga yapi?"

Niliteremka upande wa magharibi. Alute alikuwa amekwisha kutoka majini. Alikuwa ametoka, nadhani, mara tu alipomsikia mama akitoka, na alikuwa amesimama juu ya jiwe kama mwanafunzi anayesubiri kuitwa. Miguu yake ilikuwa imekauka kwa upepo, na chumvi ilikuwa imemvalisha soksi nyeupe hadi kwenye vifundo.

Sikulirudia swali. Alikuwa amelisikia.

"Mwambie mama achague," alisema. "Yatakayorudi baada yake ndiyo yangu. Na yasiporudi, sitaoga."

Nilipanda, nikateremka upande wa mashariki. Mama alikuwa amevua tena viatu. Miguu yake nayo ilikuwa nyeupe, soksi zile zile, mpaka mahali pale pale.

"Nimesikia," alisema kabla sijaanza. Akamgeukia Pendo. "Hicho chenye vilima na maji yanayoondoka ni kipi?"

"Pemba, bibi."

"Basi ni hicho. Mwambie mwenye vyumba kwamba asubuhi ni yangu."

Pendo alishika simu kwa mikono miwili, akatembea pembeni kutafuta mtandao, akijikwaa kwenye mawe kwa furaha. Mama aliinama, na magoti yake yakamruhusu. Kwa ukucha akakwangua ukoko mweupe ukingoni mwa ziwa, kidogo tu, akaufunga kwenye pindo la kanga yake kwa fundo dogo gumu. Hakueleza ni wa nini. Magreth alitaka kuonja, akapewa kidole alambe, akakunja uso.

Ndipo kutoka nyuma ya jabali kikasikika kikohozi. Kilikuwa kile kile cha miaka yote, kisichokuwa na ugonjwa. Alute alikuwa akituarifu kwamba anapita kwenda kuchukua kapu la kuku, nasi tujiandae.

Mama hakuvuta kanga. Jabali lilikuwepo, halikuwa na haja ya msaada. Alikaa tu, mkono juu ya fundo lake, akakisikiliza mpaka upepo ulipokichukua na kukipeleka juu ya maji.

"Mpe paja," aliniambia. "Na umwambie kule kisiwani akohoe kwa nguvu. Bahari ina kelele."